Mwaridi wa Kwenda Pangani

"Mbukwa," alisema, kwa ulimi wa pwani
uliolilainisha hata neno letu,
nikajua si wa hapa, ila anajitahidi.
Mwanakheri, karani wa wizarani, mwaka wa tatu Ilazo,
na viatu vyake bado vinalishangaa vumbi.

Alitaka mwaridi wa kuparamia ukuta.
Si wake. Wa mama yake, Pangani,
ukuta wa mawe unaotoka jasho mchana kutwa.

Nikamwambia, dada, hapa kwangu Nzuguni
mwaridi hausumbui mtu.
Hewa kavu, jani halilali na unyevu,
na usiku wa Julai huupuliza baridi kidogo,
ukashtuka, ukachanua.
Kwenu hewa inanyweka kama uji.
Jumatatu madoa meusi,
Ijumaa mti uko uchi.

Akacheka. Akanyoosha kidole: ule.
Mwekundu, umenona. Kila mteja huuonyesha ule.
Nikakataa.
Mkasi nilijifunza kwenye zabibu za Hombolo,
miaka kumi na moja nikikata nilichokipenda;
kukataa pesa ya mtu nayo ni sehemu ya kazi.
Ule una petali nyingi mno. Penye unyevu
hugandamana, zikaoza kabla hazijafunguka,
kama barua iliyoloa mfukoni.

Ukuta unatazama wapi? Mashariki.
Vizuri, jua la asubuhi litakausha majani.
Upepo wa bahari? Unapiga nyuma, jikoni.
Vizuri. Maji? Ya kisima.
Yana chumvi? Kidogo, akasema,
na mimi nikajikuna kichwa.

Nikamletea mwingine, rangi ya maziwa ya jana,
petali saba tu, majani mazito
yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta.
Hauna jina. Kijiti chake nilipewa na mtawa wa Kondoa,
kimefungwa ndani ya soksi mbichi.
Hauombi baridi. Ukiusogelea, unanukia karafuu.

Akausogelea. Akaushika shina. "Ai!"
Akalamba kidole,
na hapo ndipo aliposema lile la kuanzia:
mama haoni, mwaka wa sita sasa.
Kisimani huenda akiupapasa ukuta huohuo.

Upo usio na miiba, kule nyuma ya pipa,
maua yake ya njano, madogo kama punje za mtama.
Lakini huo husubiri baridi.
Pangani utakuwa majani matupu hadi mwisho wa dunia.

Lori la saruji likapita, likatufunika vumbi.
Methali ilinijia; nikaimeza.

Nikageuza dumu, nikakaa, nikamwonyesha:
dole gumba ubavuni mwa mwiba, sukuma kwa pembeni,
tap.
Unang'oka, unabakiza kovu bichi lisilochoma.
Nikapanda na shina, mwiba kwa mwiba,
hadi kimo cha mkono wa mwanamke aliyeinama kidogo.
Tawi jipya likitoka, fanyeni hivi lingali laini.
Nani atafanya? "Mpwa wangu," akasema,
kwa sauti ya mtu anayemjua mpwa wake.

Elfu nane. Samadi ya mbuzi nikamwongezea bure.

Alirudi Desemba, mvua za kwanza.
"Umeshika?" nikauliza, nikimaanisha mti.
Akatoa simu: ukuta, majani,
madoa mawili matatu (nilijua),
maua manne, na chini shina laini kabisa.

Mpwa kafanya kazi, nikasema.

Mpwa alisahau wiki ya kwanza.
Ni mama. Kila asubuhi kabla ya chai
hupanda na tawi kwa ncha za vidole, polepole,
akiukuta mwiba hutabasamu,
tap.

Na ametuma salamu, akasema Mwanakheri:
ukipata mwingine, usimpelekee ule wa njano.