Sekunde Tisini

Usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa, Tampere.
Theluji imeziba madirisha ya kampuni ya bima
na sisi wawili tunauzima mtambo
ili tuuwashe tena.

Raili Kettunen hana haraka.
Miaka thelathini na mmoja ameiamsha kompyuta hii,
zamani kwa vidole: amri moja, ngoja,
amri ya pili, ngoja, jicho kwenye skrini ya kijani
kama mtu achungaye maziwa yasifurike.
Siku hizi amri zote zimo katika orodha.
Mtambo ukifumbua macho huisoma wenyewe,
toka juu hadi chini, bila kuhimizwa:
kwanza foleni ya kazi, kisha lango la mtandao,
kisha mlinzi wa nywila, mwishowe hifadhidata
yenye ajali na vifo vya nusu ya wilaya.

"Kila jina na zamu yake," huniambia.
"Anayeruka zamu hukuta mlango umefungwa."

Sasa nikiri.
Wiki mbili kabla ya usiku huo niliipitia orodha
nikakuta mstari wa saba: PENTTI.
Niliifungua programu. Haihesabu kitu,
haiandiki, haisomi, haimwiti mtu.
Inaamka, inakaa sekunde tisini, inakufa.
Nikaona takataka. Nikaufuta,
nikajisifu kimoyomoyo.

Tukawasha.
Foleni ikaamka. Lango likaamka. Mlinzi akaamka.
Hifadhidata ikanyosha mkono gizani
ikazikosa diski, maana diski zilikuwa bado
zinajikongoja, hazijajitambua —
ikaanguka. Ikaanguka tena.
Skrini ikatoka herufi nyekundu
kama upele.

Raili hakunigombeza. Alivua miwani.
"Pentti Ylönen," alisema, "alikuwa na nyonga mbovu.
Toka kiti hiki hadi makabati ya diski, kule mwisho,
alitembea sekunde tisini. Akifika anaweka kiganja
juu ya bati, anasikiliza, ananipungia.
Ndipo ninabonyeza.
Alipokaribia kustaafu tukaiandika orodha.
Akasema: na mimi nitieni humo."

Nikaurudisha mstari wa saba.
Tukazima, tukawasha upya,
na mtambo ulipolifikia jina lile
chumba kizima kikatulia: feni tu, na saa ya ukutani.
Sijui kwa nini niliitazama njia iliyo kati ya makabati.
Taa za pale huwaka mtu akipita.
Hazikuwaka.
Raili alikuwa anahesabu, midomo ikicheza bila sauti.
Sitini na moja. Sitini na mbili.

Hifadhidata ikasimama wima.

"Diski za siku hizi si zile," nilimwambia baadaye, kwenye kahawa.
"Sekunde kumi na nane zinazitosha. Tungepunguza."
"Tungepunguza," akajibu,
akachovya mkate wake wa iliki.

Machi akastaafu. Orodha naitunza mimi.
Nimeongeza majina, nimehamisha mengine,
nimeandika maelezo pembeni ya kila mstari
kwa ajili ya atakayekuja.
Pembeni ya wa saba nimeandika:
Usifute. Anatembea.