Mizunguko Elfu Tatu

Usiku wa kuamkia Jumanne, Dundee, mvua ya ubavuni.
Nimevua sare ya zamu, soksi ziko juu ya radiata,
na mchimba madini wangu amekufa mara tisa
kabla sijagusa kitufe.

Si kosa lake. Alizaliwa ndani ya mashine ya polepole,
akafunzwa kuhesabu hatua kwa mapigo ya moyo wake.
Hii laptopu ya mtumba, niliyonunua kwa kijana wa Hilltown
kwa pauni arobaini na sahani ya sambusa,
inapiga mara elfu pale ile ilipopiga mara moja.
Akiinua mguu tu, keshafika shimoni.
Taa yake hata haijawaka.

Kwanza alikataliwa kabisa.
Windows ilimkagua kama afisa wa uhamiaji:
faili hii haitambuliki.
Nikamhamishia Linux, kwa yule pengwini.
Pengwini akafungua mlango, akauliza maswali yake,
akaniletea kioo cheusi na kimshale kinachopepesa.
Sauti hakuna. Rangi za nyama iliyochacha.
Mpwa wangu Shehoza, kutoka Leicester, akanicheka kwenye simu:
"Shangazi, pakua kiigizi. Kisha ujifunze kudanganya."

Kudanganya!
Nikamwambia, mwanangu, hiyo ndiyo kazi yangu ya kutwa.

Kiigizi ni chumba ndani ya chumba.
Humo, kalenda ukutani ni ya mwaka tisini na tatu.
Unauambia mchezo: kumbukumbu ni hii,
kilobaiti mia sita na arobaini, usiombe zaidi.
Unauambia: kadi ya sauti iko mlango wa mia mbili na ishirini.
Hakuna kadi. Hakuna mlango.
Nao unabisha hodi, na kuna anayeitika karibu.

Asubuhi Bi Effie Lorimer, chumba namba sita,
alikuwa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi,
akiuliza kama king'ora cha kiwanda kimeshalia.
Kiwanda cha magunia. Nami mtoto wa Tanga, wa mkonge,
naijua ile harufu anayoisema, ya nyuzi zikilowa.
Siku hizi ni maghorofa, wanakaa watu wenye baiskeli.
Wiki yangu ya kwanza nilimwambia ukweli.
Nilimtajia mwaka. Nilimtajia kaburi la mumewe.
Akalia hadi chakula cha mchana;
kesho yake akauliza tena, nikamjibu tena,
akafiwa upya.
Sasa namwambia: bado, Bi Effie, kuna ukungu mtoni,
wamechelewesha zamu.
"Afadhali," anasema, na kuniachia viatu.
Uji anaula kwa mwendo wake.

Napunguza mizunguko.
Elfu ishirini: amekufa.
Elfu nane: ameteleza, ameshika kamba, amekufa.
Elfu tatu.

Hatua.
Hatua nyingine.
Akasimama ukingoni mwa shimo, taa inawaka, ananisubiri
kama alivyonisubiri dukani kwa mjomba Mbwana, barabara ya kumi na tatu,
shilingi mia kwa robo saa, kitufe cha S kimefutika,
watoto wanne nyuma ya shingo yangu wakipiga kelele ruka, ruka,
hadi umeme ulipokatika, nasi tukiwa ngazi ya saba.

Ngazi ya saba sijaifikia. Saa kumi na moja naamka.

Na ule muziki wa mwanzo, Shehoza,
kuna noti moja haitoki sawa. Nimebadilisha kila kitu.
Inatoka juu kidogo, kama mtu anayejikaza asipige chafya.
Mchezo wenyewe hausemi neno, unaendelea.

Jana, nikimfunga vifungo vya sweta,
Bi Effie alinitazama kitambo, macho makavu, meupe,
akasema: ukungu umekuwa mwingi mno mwaka huu.