Vitambaa vya Kwandu

Kiroba kilikuja Jumanne, kimefungwa kwa uzi wa nyavu.
Aliyekileta ni Nkwimba, mjukuu, mwenye haraka ya kivuko cha Kamanga.
"Bibi anataka blanketi la viraka.
Kasema vitambaa ni hivyo hivyo. Usipunguze, usiongeze."
Akaacha elfu kumi ya kianzio chini ya mkasi,
akashuka mteremko, kandambili zikimpiga visigino.

Mwalimu wangu wa ufundi, Kitangiri, aliliita mfarishi.
Alisema mfarishi mzuri huanzia dukani.
Huu ulianzia wapi?

Nilimwaga sakafuni.
Zambarau ya pazia. Joho la kwaya, rangi ya chungwa, kola bado ipo.
Kaki ya shule iliyolika goti moja tu.
Kanga ya Mwatex, maandishi yote yamefutika
isipokuwa JIRANI.
Kijani cha satini, kijani kingine cha tetroni,
viwili visivyosalimiana.
Mfuko wa unga.
Na nyekundu, Mungu wangu, nyekundu ile
ya kibao cha hatari ya umeme.

Nimeshona Mabatini miaka kumi na tisa.
Najua rangi ipi ilazwe na ipi zikaamka na amani.
Nilipanga, nikapangua.
Kaki niliiweka katikati, iwe mwamuzi.
Umeme ukakatika, nikapanga kwa tochi ya simu;
ziliendelea kuteta gizani.

Basi nikafanya nililofanya.
Kabatini nilikuwa na mabaki ya kitenge, bluu tulivu,
bluu ya ziwa saa kumi na mbili asubuhi
kabla upepo haujalitia kidole.
Nikakata shibiri kwa shibiri. Kimoja tu.
Nikakiweka kati ya vijani viwili, vikanyamaza.
Nani angejua?

Nilipeleka mwenyewe, Bugarika, juu kule
nyumba zinakoatamia mawe.
Kwandu alikuwa kizingitini akichambua dagaa,
mchanga huku, samaki huku.
Hakuinua uso.
"Mafuta ya cherehani," akasema. "Karibu, fundi."
Ndipo nikaona.
Mtoto wa jicho, kulia na kushoto.

Hakuna aliyeniambia. Wala sikuuliza.

Alinawa, akakausha mikono polepole, akaanzia pembeni.
"Pazia la Ngolo. Lilikuwa zito hivi hivi.
Hii ya Masalu, kwenye gololi alipiga goti la kulia tu.
Satini hii niliazima kwenye harusi. Sikurudisha."
Vidole vilipita
kama mama anayehesabu watoto mkekani usiku.
Vikasimama.

"Huyu ni nani?"

Nikataja ziwa. Nikataja bluu.
Nikaeleza namna rangi zinavyopatanishwa.
Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya mkoa mwingine.
"Ni kizuri," akasema. "Laini. Hakijavaliwa na mtu."
Kisha:
"Kifumue."

Nilifumua palepale kwa wembe, nimekaa juu ya jiwe.
Chini huko honi ya kivuko ililia mara mbili.
Yeye alitunga sindano, akalowesha uzi kwa ulimi,
akapata tundu mara ya kwanza. Akanipa.
Nikawakutanisha kijani na kijani, mshono kwa mshono.
Safu ile ikapungua shibiri,
blanketi likapinda, likaota bega upande mmoja.

Akapapasa pale palipopinda, akacheka hadi dagaa wakamwagika.
"Hawa! Hawa waligombana hata msibani."

Akalikunja. Akanilipa yote,
noti moja moja, kila moja akiisugua kwa dole gumba.

Kile kipande kipo drooni, pamoja na vifungo visivyo na jozi.
Bluu yake haijachuja.
Ukingoni kina matundu ya sindano, mstari mzima.
Jana umeme ulikatika tena.
Niliyapata kwa kidole.