Yangu Nyumba

"Yangu nyumba meuza," alinena Bi Barke.
Nami, karani wa kadhi hapa Lamu,
vidole juu ya taipureta,
nikanyosha: "Ameuza nyumba yangu."
Sentensi safi, kama kanzu ya Ijumaa.

Nikamsomea. Akakaza buibui.
"Mbona umemtanguliza yeye?
Huyo 'a' wa mlangoni metoka wapi?
Mimi sikumtaja. Nimetaja 'yangu'."

Nikamweleza: nomino hutangulia,
kimilikishi hufuata, ndivyo tulivyofunzwa.

"Hufuata?" Akacheka kidogo.
"Miaka arubaini na mitatu nimefuata.
Baba, mume, kisha huyu ndugu,
aliyetoka Mkomani alfajiri
na ufunguo wangu kibindoni.
Leo nitangulie, japo kwa neno."

Karatasi nikaichomoa, nyingine nikatia.
(Ona, nami nishaanza.)
Yangu nyumba meuza.

Kadhi alipofika pale alisita,
akarudi nyuma, akasoma tena, polepole,
miwani akaivua,
na kabla ya kuuliza nani aliyeuza
akauliza:
"Yuko wapi mwenye 'yangu'?"