Swali la Kumi na Saba

Saa tano usiku, Jecheon. Duka la dobi liko wazi
kwa sababu mashine hazilali na mwenye duka ni mimi.
Hapana: mimi ni mlinzi wa mashine tu,
mwenye duka ni shangazi Bong-nyeo, yuko kwake anakoroma.
Tayari nimekosea. Nimetoa sababu mbili, moja ya uongo.

Kitabu kimelala juu ya kikaushio, kina joto kama mkate.
Dakika mbili kwa kila swali,
kwa saa ya plastiki niliyoikuta mfukoni
mwa koti ambalo mwenyewe hakulirudia.

La kumi na nne lilihusu popo. Nilipata.
La kumi na tano, viazi vilivyopigiwa muziki. Nilikosa:
nilidhani kinachofuata kimeletwa na kilichotangulia,
kama jogoo anayedai ndiye aliyeliita jua.
La kumi na sita nililiruka.

*Watafiti walilinganisha vijiji viwili.
Katika kile kilicho chini ya kiwanda cha saruji
watu hukohoa maradufu ya wale wa ng'ambo ya mlima.
Wakahitimisha: vumbi ndilo chanzo.
Taarifa ipi kati ya hizi, ikiwa ni kweli,
inadhoofisha zaidi hitimisho hilo?*

Nikaweka kalamu chini.
Kitabu hakikutaja jina la kijiji,
lakini mimi nimeanika mashati yake
na kuyaanua yakiwa magumu kama kadibodi.
Nimefagia theluji yake ya kijivu.
Baba alirudi na nyusi nyeupe, tukamwita babu,
mimi na Gyu-cheol, naye akicheka nasi
mpaka kikohozi kilipomkatiza.

Jibu ni la tatu. Naliona toka mbali:
*wakazi wa kijiji cha kwanza wana umri mkubwa zaidi,
na wengi wao huvuta sigara.*
La kwanza ni pambo. La pili linaimarisha, mtego wa wenye haraka.
La nne linahusu kijiji ambacho hakuna aliyekiuliza.
La tano ni kweli, na halina kazi.

Wakili wa kampuni naye aliliona.
Alisimama mbele ya meza ya fidia, tai ya samawati,
akalisema la tatu, karibu neno kwa neno,
kwa upole, kama mtu anayerudisha chenji.
Baba alikohoa.
Mama akasema, "Lakini kila mtu anajua!"
Na kila-mtu-anajua, nimejifunza mwezi huu,
ukurasa wa thelathini, si ushahidi.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa.
Ila watunga maswali wanataka kujua
ni mawingu mangapi yalipita bila kudondosha tone,
na nani aliyahesabu,
na alilipwa na nani.
Hilo la mwisho halimo kitabuni. Nimeliongeza mimi.

Baba hakuvuta sigara hata siku moja.
Nataka kuliandika pembeni kwa wino mwekundu,
kisha najisahihisha: mtu mmoja si sampuli.
Viatu vyake bado viko mlangoni, saizi mia mbili na sitini.

Ningehitaji arobaini kama yeye, wasiovuta, wa rika moja,
nusu huku, nusu ng'ambo.
Ningehitaji mtu wa kugonga milango na daftari mkononi.
Nahesabu: mzee Pyo, mke wa fundi Maeng,
wale ndugu wawili waliopakia magunia…
Nafika kumi na mmoja. Saa ililia zamani,
zimepita dakika tisa.

Natia duara kwenye tatu. Nafungua nyuma.
Tatu. Sahihi.
Mkono unatetemeka kidogo. Labda ni kikaushio.

Mlango. Kijana wa zamu ya usiku,
koti la kazi mikononi, vumbi limeganda kwenye kola.
"Litatoka?"
"Inategemea," namwambia. "Unavuta sigara?"
Ananitazama kama niliyerukwa na akili.
"Hapana. Kwa nini?"

Nachukua kalamu.
"Unaishi upande gani wa mlima?"