Herufi Tatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi
nalitoa basi Weymouth, tupu, taa zote zinawaka,
nalivusha ule ukanda mwembamba wa nchi
unaokinyima kisiwa cha Portland ukisiwa kamili.
Kulia kwangu kokoto za Chesil, maili kwa maili.
Upande huu ni kubwa kama viazi;
kule magharibi, wanasema, ni punje za choroko.
Mvuvi wa zamani akitupwa ufuoni gizani
aliokota moja, akaipima kiganjani,
akajua yuko wapi.
Mimi nilipotupwa huku
nilipewa koti la kampuni na orodha ya vituo.

Kisha gia ya kwanza, mlima wa Fortuneswell,
nyumba zimeshikana mabega zisiteleze baharini,
na juu kabisa ngome iliyogeuzwa jela.
Jumamosi hushuka hapo wanawake
na watoto waliochanwa nywele vizuri. Hawapigi picha.
Watalii hupitiliza. Wao wanataka mnara wa taa,
mweupe, umejifunga kibwebwe chekundu;
wanataka gofu la kanisa juu ya Church Ope
na makaburi yake ya fuvu na mifupa,
waambiwe ni ya maharamia.
Nawaambia ngazi ni nyingi, shikeni ukuta.
Siwaambii kwamba fuvu, zamani zile,
lilikuwa la kila mtu.

Kuna neno halitamkwi kisiwani:
jina la mnyama yule wa masikio marefu, mchimba mashimo.
Wachonga mawe wakimwona walifungasha, wakarudi nyumbani,
maana mwamba ungeweza kushuka.
Bwana Comben, miaka themanini na sita, kiti cha mbele,
bado humwita "yule jamaa wa chini"
na kugusa chuma.
Nami nikibaki peke yangu baada ya Easton
hufungua dirisha nikapaza sauti:
Sungura! Sungura mjanja we!
Hakijaanguka kitu.
Labda mwamba haujui Kiswahili.

Comben ndiye aliyenipeleka machimbo ya Tout.
Akanyoosha bakora kwenye pengo la mwamba: "Hilo ni London."
Akaligeukia jingine: "Hilo ni benki, sikumbuki ipi."
Na lile refu, lililoota miiba na vipepeo:
"Vibao vya vita. Maelfu. Kimo kimoja,
kila askari na chake."

Nikanyamaza.
Voi, si mbali na reli, kuna vibao vyeupe vimepanga foleni.
Nilijifunzia kusoma pale, kidole kwenye jiwe:
cheo, jina, umri, msalaba.
Sijui kama vilitoka hapa. Comben naye hajui.
Ninalojua ni kwamba babu wa babu yangu
alibeba mizigo ya vita ileile hadi ng'ambo ya Taveta,
masanduku ya risasi, unga, kiti cha afisa,
na hakurudi, na hana kibao.
Walimwandika namba. Namba nayo ikapotea.
Bibi alipoulizwa jina alisitasita:
Mwambingu, alisema. Au Mwakio.
Kesho yake akasema Mwandawiro, akakasirika tukicheka.

Sasa kila Jumapili naketi nyuma ya nyumba ya Comben
na kipande alichonipa, kikubwa kama mkate,
cheupe, chenye kombe za bahari iliyokufa
kabla ya mtu yeyote kuitwa chochote.
Nyundo, patasi. Vumbi lake ni kama unga wa muhogo.
Comben anaitukana mikono yangu:
nashika patasi, ati, kama usukani.

Nimemaliza M.
Nimemaliza W, iliyonitoa jasho wiki mbili.
Jana nimefunga mlango wa A.

Ni hapo tu majina yote matatu yanapokubaliana.
Comben anauliza, haya, baada ya hapo?
Nafuta vumbi kwa kiganja.
Nafasi iliyobaki ni pana,
nami kesho nina zamu ya asubuhi.