Bin Abdalla

Karatasi ya nikahi tuliikuta Matrah,
ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo na nyembe butu.
Wino umegeuka rangi ya mkandaa.
Bibi harusi: Raya binti Mbarak bin Shinun,
na majina yanateremka kama ngazi,
baba, babu, baba wa babu, mpaka kabila.
Bwana harusi: Nasib bin Abdalla.
Ngazi yake ina kipago kimoja,
chini yake hewa.
Pembeni pana herufi tatu za Kizungu, T. Aa.,
ambazo miaka yote tulidhani ni doa.

Shangazi Ghaniya hakutaka niulize.
"Asiye na baba wa kutajwa hupewa Abdalla,"
alisema, macho kwenye ungo wa mchele.
"Sote waja wa Mungu. Ukimfukua huyo,
mabinti tutawaoza vipi?"
Akanimiminia kahawa,
kikombe juu ya kikombe, hata mdomo usipate nafasi.

Lakini mimi nilikuwa na neno.
Uf.
Babu akikaa kitako: uf.
Akipanda ngazi za nyumba ya Jibru: uf.
Mwalimu wa chuoni alinichapa kwa neno hilo,
wazazi hawaambiwi uf, imeandikwa.
Nikarudi nyumbani nalia, mbona babu anasema?
Na babu, kama mtu aliyefumwa jikoni usiku:
"Nimelirithi. Baba akilisema sana,
wala hakuwa na hasira na mtu."

Nilipostaafu wodi ya wazazi nilianza kuandika barua.
Ya kwanza, kimya.
Ya pili ilirudi na muhuri.
Ya tatu ilijibiwa na Bi Gudveig,
mtunza daftari za kanisa mjini Lillesand, Norwe,
na mpwa wangu akanitafsiria kwenye gari
tukingojea taa za Ruwi ziwe kijani:
Torger Aanonsen, fundi wa mitambo ya meli.
Mke, Tomine. Watoto wawili.
Amezama, bahari ya Arabuni, 1911.

Magari yalipiga honi nyuma yetu.
Nilikuwa nahesabu kwa vidole,
miezi yao, miezi yetu.
Maiti yule alioa baada ya miezi kumi na tisa.
Alitoa mahari, riale arobaini za fedha,
na mashahidi wawili waliona anapumua.

Tomine naye alikaa eda isiyo na jeneza,
kisha akaolewa na mwoka mikate
na jina lake likafutika katika ukurasa mwingine.
Sijui kama Torger aliruka au aliangushwa.
Sijui Raya aliambiwa nini, usiku gani,
au kama aliuliza.

Nikamwandikia Gudveig: Aanonsen ndilo kabila?
Hapana, alijibu. Maana yake mwana wa Aanon.
Na Aanon alikuwa Tellefsen, na Tellef, Torgersen.
Kwetu zamani, mtu akihamia shamba jingine
huchukua na jina la shamba. Haikuwa ajabu.
Nilichukua kalamu nikaandika, taratibu, kwa herufi za Kiarabu:
Torger bin Aanon bin Tellef bin Torger.
Yalikaa sawa kwenye mstari.

Akauliza, kaburi lake limeandikwa nini?
Nilimpelekea picha: kilima cha changarawe, mawe mawili,
kama ya kila mwanamume pale.
Hatuandiki, nikamwambia.

Karatasi yenye ngazi mpya nilimpelekea Shangazi.
Aliisoma akiwa amesimama, miwani mkononi badala ya machoni.
Kisha akaketi. Hakusema neno;
uf niliisema mimi.
"Hao watoto wa Tomine," aliuliza mwishowe, "waliitwa nani?"
Anders. Na Gunvor.
"Gunvor ni mwanamke?"
Mwanamke.
Alilivuta kopo la biskuti, akaitia karatasi
juu ya vifungo, akakibana kifuniko kwa viganja viwili.
"Basi," alisema, "na mimi nilikuwa na shangazi."